Mkalimani Yupi?

Mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, umebeba jina la wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Juba ni mji wa ndimi nyingi: Kiarabu cha Juba sokoni, Kiingereza maofisini, na Kiswahili vinywani mwa wengi waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Askari wa doria akiamriwa mtaani humo, "Mwite mkalimani," atauliza mara moja: yupi, wa lugha gani?

Kompyuta haiulizi. Katika mashine zinazotumia Linux, programu nyingi ni maandishi ambayo hayafanyi kazi mpaka yapitie kwa mkalimani. Mstari wao wa kwanza huanza kwa alama #!, kisha hutaja mahali anapokaa, mathalani /usr/bin/python. Mashine hutii, ikamkabidhi kazi yeyote inayemkuta lindoni.

Kwa miaka mingi lindo hilo lilishikwa na Python 2. Mwaka 2008 ikatoka Python 3, nayo haikuzielewa amri zote kama ile ya kwanza. Hapo pana hatari ambayo watunza ghala wataitambua upesi. Tuseme programu imeagizwa kugawa magunia 7 ya unga kwa vikosi 2. Mkalimani wa zamani, akipewa 7/2, hujibu 3. Yule mpya hujibu 3.5. Jina ni lile lile, amri ni ile ile, majibu ni mawili, wala hakuna kengele inayolia. Afadhali basi neno print likiandikwa kwa mtindo wa zamani, maana mkalimani mpya hugoma palepale na kila mtu akajua.

Vikundi vinavyokusanya Linux na kuifunga katika vifurushi havikuafikiana. Arch, mwaka 2010, walimweka mpya lindoni chini ya jina la zamani. Ubuntu, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulipotoa toleo la 20.04 mwezi Aprili 2020, miezi michache baada ya Python 2 kustaafishwa, uliliondoa jina hilo tupu katika mashine mpya. Mwenye kulitaka huweka mwenyewe kifurushi kiitwacho python-is-python3. Fedora nao husimamisha utengenezaji wa kifurushi chochote ambacho mstari wake wa kwanza hausemi kama ni 2 au 3. Kwa maoni yetu hawa wawili wa mwisho ndio wenye nidhamu: amri yenye utata hurudishwa kwa aliyeiandika.

Fundi wa kituo aandike ls -l /usr/bin/python, ataona ni nani aliye zamu, au kwamba hakuna mtu. Ila asimbadilishe kwa mkono python3 wa mfumo. Vyombo vingi vya Ubuntu humtegemea yeye, na hata dirisha la kuandikia amri laweza kukataa kufunguka. Akihitaji mkalimani mpya zaidi, amweke katika /usr/local/bin kwa jina lenye namba yake, kama vile python3.12, na programu zake ziitaje anwani hiyo kwa ukamilifu.