Sinema Nayo Husomwa

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma maandishi. Sasa jifunze kusoma sinema.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Urusi, Lev Kuleshov alifanya jaribio. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja. Uso huo haukucheka wala kulia. Akaiunganisha na picha ya sahani ya supu. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona mtu mwenye njaa. Akaiunganisha na picha ya jeneza. Wakaona mtu mwenye majonzi. Kumbe uso ulikuwa ule ule! Maana ilitoka katika mpangilio wa picha.

Kamera nayo husema. Ikimpiga mtu picha kutoka chini, huonekana mkubwa. Ikimpiga kutoka juu, huonekana mnyonge.

Mimi ni bwana shamba. Ukionyeshwa mahindi yaliyodumaa, kisha chupa ya dawa, kisha mahindi yaliyostawi, utasema dawa ndiyo iliyoyastawisha. Pengine ni mashamba mawili tofauti! Basi, kabla ya kutoa fedha zako, uliza: Je, ni shamba lile lile? Lilitiwa mbolea gani? Lilipata mvua kiasi gani?

Sinema ni mwalimu mzuri. Lakini mwanafunzi mzuri huuliza.