Dereva, Fundi na Daftari la Gari



Kila siku twaingia katika duka la kijijini na kukuta humo sukari, sabuni, chumvi, mafuta ya taa na misumari, wala hatuulizi vitu hivi vimefikaje. Vimeletwa na lori. Na lori hilo limeendeshwa na mtu ambaye pengine hukaa nalo saa nyingi kuliko akaavyo na mkewe na wanawe. Leo nataka kueleza kazi moja ya mtu huyo isiyoonekana barabarani, nayo ni kazi ya kuarifu: kumwambia mwenye gari na fundi kwamba gari lina ubovu, kuwaambia mapema, tena kwa maneno ya kufahamika.

Pengine mtu atasema, "Gari likiharibika si litasimama lenyewe?" La, sivyo. Ubovu wa kuogofya ni ule usiolisimamisha gari. Injini ikifa, lori hukaa kando ya njia, na hasara ni ya siku moja au mbili. Lakini breki zilizolegea zaweza kwenda kilometa nyingi za tambarare bila kumfedhehesha mtu, mpaka ifike siku ya mlima.

Tuchukue mlima wa Kitonga katika mkoa wa Iringa, kwenye barabara kuu itokayo Zambia kwenda Dar es Salaam. Malori yaletayo shaba ya Zambia na Kongo huuteremka mlima huo yakielekea bandarini. Upande mmoja wa njia ni jabali, upande wa pili ni bonde, na kona zake zafuatana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu gari la ekseli 7 kuwa na uzito wa tani 56 pamoja na mzigo wake. Basi fikirini tembo wakubwa wapatao kumi wakimsukuma mtu kutoka nyuma, naye ana kanyagio moja tu la kuwazuia.

Breki za malori makubwa ni breki za upepo. Injini huendesha pampu, na pampu hujaza upepo katika matangi yaliyo chini ya gari. Dereva akikanyaga, upepo hukimbilia magurudumuni na kusukuma fimbo. Fimbo nayo huvitanua viatu vya breki, vikabana ndani ya ngoma ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Msuguano huo ndio unaolizuia gari, na msuguano huleta moto, kama ajuavyo kila mtoto aliyewahi kusugua viganja vyake asubuhi ya baridi. Sasa, chuma kikipata moto hutanuka. Ngoma ikitanuka hujitenga na viatu, na fimbo haina budi kwenda mbali zaidi ili viatu viifikie. Kama fundi alizikaza breki vema, nafasi ya fimbo yatosha. Kama zilikuwa zimelegea tangu mwanzo, fimbo hufika mwisho wa safari yake na ngoma bado haijabanwa. Dereva akanyaga, upepo walia, na gari laendelea.

Lakini lori hilo halikunyamaza. Lilitoa dalili mapema, huko nyuma kwenye tambarare. Fimbo iendayo mbali hutumia upepo mwingi, kwa hiyo kila dereva alipokanyaga, sindano ya geji mbele yake ilishuka kuliko desturi. Dalili hiyo aliiona yeye peke yake. Fundi akilijaribu gari uani, likiwa tupu na breki zikiwa baridi, asiingie chini kuzipima fimbo, litasimama vizuri kabisa, naye atasema dereva ni mwoga.

Ndiyo sababu maneno ya dereva yana thamani. Mgonjwa akienda kwa daktari akasema "naumwa" tu, atapewa vidonge vya kichwa. Kadhalika dereva aandikaye "breki mbovu" hakumsaidia fundi sana. Lakini akiandika, "Tangu juzi, gari likiwa na mzigo, kila nikikanyaga sindano ya upepo yashuka kuliko kwanza, na gari lavuta upande wa kushoto," fundi amekwisha kuoneshwa mahali pa kuanzia. Gari livutalo upande mmoja wakati wa kufunga breki laonyesha kwamba breki za pande mbili hazishiki sawasawa. Mimi ni mwalimu, nami kila mwaka husahihisha insha za vijana wanaodhani kwamba kueleza jambo kwa taratibu ni kazi ya mtihani tu. Ningependa wasome daftari la dereva mwangalifu.

Dalili nyingine hazihitaji hata gari kutembea. Kabla ya jua kupanda, dereva na utingo wake hulizunguka gari. Nati ya gurudumu ikiwa na michirizi ya kutu pembeni mwake, yaelekea imelegea. Matairi yaliyopangwa mawili mawili hugongwa kwa kipande cha mti, maana lisilo na upepo hutoa sauti ya kufifia. Matangi ya upepo hufunguliwa chini ili maji yatoke. Yakitoka na oili nyingi, pampu imeanza kuchakaa. Moshi mweusi waonyesha dizeli nyingi kuliko hewa, wa kibuluu waonyesha oili inaungua.

Hayo yote madereva wengi wayajua. Kwa nini basi wengine wasiyaseme? Hapa ndipo penye shida yenyewe. Dereva mmoja nimfahamuye, ambaye gari lake huleta saruji na mabati katika wilaya yetu, aliniambia hivi: "Mwalimu, nikiandika, nalala njaa." Yeye hulipwa posho kwa safari. Gari likiwekwa gereji siku nne, siku nne hizo hana posho. Mara ya kwanza alipoarifu, tajiri wake alimwambia, "Nenda tu, ukirudi tutatengeneza." Aliporudi palikuwa na mzigo mwingine. Mara ya tatu aliulizwa kama ni yeye aliyeliharibu. Mtu akiisha kuulizwa hivyo hujifunza kuandika "gari zima" kila jioni, na daftari likawa safi kama la mwanafunzi asiyefanya kazi. Kwa maoni yangu kosa kubwa si la huyo dereva. Mwenye gari anayemkata mtu posho kwa sababu ya kusema kweli ameununua uongo kwa fedha zake mwenyewe.

Marekani jambo hili limetiwa katika sheria. Dereva wa lori akiona kasoro ya breki, usukani, tairi au taa, huiandika mwisho wa siku, na mwenye gari hana ruhusa ya kulirudisha barabarani mpaka athibitishe kwa maandishi kwamba kasoro imetengenezwa, au kwamba haikuhitaji kutengenezwa. Dereva afuataye huisoma karatasi hiyo na kutia sahihi kabla ya kuondoka. Zamani walitakiwa kuandika hata siku isiyo na kasoro, lakini Desemba 2014 sharti hilo liliondolewa kwa magari ya mizigo, kwani karatasi nyingi mno zilikuwa hazina neno. Ni sahihi ya fundi na ya dereva wa pili zinazolipa daftari nguvu. Neno lisilojibiwa na mtu ni kama barua iliyotupwa mtoni.

Rafiki yangu wa saruji sasa ameanza tena kuandika. Amenunua daftari la shule, naye hunakili humo kila alichoarifu, tarehe, na jibu alilopewa, hata kama jibu ni "nenda tu." Alinionyesha nyumbani kwake, akalitoa chini ya godoro. Nikamwuliza kwa nini haliweki garini, pamoja na karatasi nyingine za safari.

"Gari likiungua, Mwalimu," akasema, "nalo litaungua."