Ruzuku ya Nishati na Hewa Ukaa (3): Fils Mbili za Kuwait

Kuwait imekuwa ikikata umeme kwa zamu. Ilianza Juni 2024, ikarudia Aprili 2025 kabla hata joto halijapamba moto. Wasomaji wa mfululizo huu wanajua tayari ruzuku hufanyaje kazi, basi watauliza: nchi iliyokalia mafuta inakosaje umeme? Tutazame bei. Tangu 1966 Mkuwaiti mwenye nyumba yake hulipa fils 2 kwa uniti, na dinari moja ina fils 1,000.

Zamani, kabla ya umeme huo, alijikinga na joto kwa udongo wake na boriti zetu. Hapa mnivumilie, maana habari hii naipenda mno. Msimu wa kaskazi wa 1938–39 nahodha Mkuwaiti, Ali bin Nasr al-Nejdi, alishuka na jahazi lake hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwemo chomboni, akaiandika safari nzima. Kusi ilipovuma, boriti zikaenda kwenye nchi isiyo na misitu, zikalazwa juu ya kuta nene kubeba dari. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vilikuwa vyembamba, vimeuzunguka ua wenye kivuli. Usiku wa joto watu walilala juu ya paa. Mafundi wale hawakuwa na shahada, lakini jua walilijua.

Mji huo ulianza kubomolewa miaka ya 1950, fedha za mafuta zilipoingia. Umeme wa fils 2 ukamaliza kazi. Nani ahangaike na ukuta mnene ikiwa kiyoyozi kinaendeshwa karibu bure? Julai 2016 joto la Mitribah, Kuwait, lilifika nyuzi 53.9. Siku kama hizo viyoyozi humeza sehemu kubwa ya umeme, unaozalishwa kwa kuchoma mafuta na gesi. Hewa ukaa inazidi tani 20 kwa mkazi kwa mwaka, na wastani wa dunia hautimii 5.

Ruzuku hii humpa zaidi mwenye kasri. Mbaya zaidi, sheria ya 2016 iliyopandisha bei iliwagusa wakazi wa fleti, wengi wao vibarua wa kigeni, ikaziacha nyumba za raia. Huo si uungwana. Saudi Arabia ilithubutu: Januari 2018 uniti ya nyumbani ilipanda kutoka halala 5 hadi 18, familia za kipato cha chini zikiwekewa fedha benki, na matumizi ya majumbani yakapungua.

Toleo lijalo ni zamu ya Misri na mkate wa Januari 1977.