Mutombo na kipaji chake: je, alikitumia chote?

Tarehe 30 Septemba 2024 Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, alifariki dunia kwa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 58. Tangu hapo swali moja larudi mara kwa mara midomoni mwa vijana wanaopenda mpira wa kikapu. Mtu mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 18, aliyecheza misimu 18 katika mashindano makubwa ya Marekani, mbona hakushinda ubingwa hata mara moja? Je, alikitumia kipaji chake chote, ama alikiacha nusu yake kilale?

Swali hili si la utovu wa adabu. Kumsifu marehemu ni kazi rahisi. Kumpima kwa haki ni kazi nyingine, nasi twataka kuijaribu.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba mchezo huu haukuwa shabaha yake. Alisoma Kinshasa katika Koleji Boboto ya Mapadri Wayezuiti, akitamani kuwa mganga. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana mkubwa, kwa kusukumwa na baba yake na kaka yake waliouona urefu wake. Mwaka 1987 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, akaingia Georgetown, chuo kikuu kilichoanzishwa na Wayezuiti, ili asomee uganga. Huko mwalimu wa mchezo, John Thompson, alimwona, akamwita uwanjani. Mwaka 1991 alitoka na shahada, si ya uganga, bali ya lugha na mambo ya ubalozi. Na mwaka uo huo timu ya Denver ikamchagua, wa nne kati ya vijana wote waliochaguliwa.

Sasa tutazame uwanja wenyewe. Katika msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 16 na zaidi kila mchezo. Hakufikia tena kiasi hicho maisha yake yote. Ukihesabu misimu yote 18, wastani wake hautimii pointi 10. Hapa wanaomlaumu wana neno. Mkono wake wa kufunga haukukua jinsi ulivyoweza kukua, wala hatuoni sababu ya kulificha jambo hili. Mwaka 2001 alifika fainali pamoja na Philadelphia, na mwaka 2003 pamoja na New Jersey. Mara zote mbili timu yake ilishindwa. Katika ile ya 2001 Shaquille O'Neal wa Los Angeles alifunga zaidi ya pointi 30 kila mchezo kwa wastani, Mutombo akiwa mbele yake.

Lakini kuzuia nako ni kazi. Mipira 3,289 iliyokuwa ikielekea kikapuni aliirudisha kwa mkono wake. Katika hesabu za mashindano hayo Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake ndiye aliyemzidi. Mara nne, mwaka 1995, 1997, 1998 na 2001, alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Na nani aliyeiona picha ya Mei 1994 ataisahau? Denver ilikuwa ya nane, yaani ya mwisho kati ya zilizoingia mtoano upande wa magharibi. Seattle ilikuwa ya kwanza. Denver ilipoteza michezo miwili ya mwanzo, kisha ikashinda mitatu mfululizo. Timu ya nane haijapata kuishinda ya kwanza kabla ya siku ile. Mutombo alizuia mipira 31 katika michezo hiyo mitano, na mwishoni alilala chali sakafuni, mpira mikononi, akicheka kama mtoto. (Kile kidole alichokuwa akikitikisa mbele ya wapinzani kilimletea adhabu za waamuzi; wanafunzi wetu wasikiige darasani.)

Basi, kwa upande wa mchezo, hukumu yetu ndiyo hii: alilofanya alilifanya kikamilifu, lakini hakufanya yote.

Imebaki ile nia ya ujana. Mganga hakuwa. Mama yake, Biamba Marie, alifariki wakati wa machafuko ya Kinshasa, nyumbani, bila njia ya kufikishwa hospitali. Mwanawe wakati huo alikuwa na mali nyingi ng'ambo, wala mali hiyo haikumfaa mama kitu usiku ule. Wachezaji wengi hujenga nyumba za fahari, nasi hatuwahukumu. Yeye alitoa dola milioni 15 hivi kati ya milioni 29 zilizohitajiwa, na katika mtaa wa Masina ikajengwa hospitali ya vitanda 300, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Alikuwa bado anacheza wakati huo. Goti lake ndilo lililomstaafisha mwaka 2009.

Mwaka 2015 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu, kule Springfield. Pale Masina, jina walisomalo wagonjwa juu ya hospitali ni la mama yake.