Kiwanja Karibu na Kituo

Miongoni mwetu wamo waliorithi nyumba Magomeni au Manzese, na simu zitokazo nyumbani huanza kwa salamu na kuishia kwa habari za mnunuzi. Mnunuzi huyo haitaki nyumba. Anakitaka kiwanja, kwa kuwa kiko hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro.

Asili ya jambo hili ni mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kuchukua abiria Dar es Salaam mwezi Mei 2016 katika njia ya takriban kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Wataalamu wa mipango miji hushikilia kwamba njia peke yake haitoshi: kandokando yake yapasa yajengwe maghorofa yenye makazi, maduka na ofisi, ili watu wengi waweze kufika kituoni kwa miguu. Hoja hiyo hatuipingi. Aliyewahi kugombea daladala Ubungo alfajiri hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini tuitazame nyumba yenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili: vyumba sita vinavyotazamana ukumbini, jiko na choo uani, na mara nyingi kila chumba kina familia yake. Humo anaishi mama muuza vitumbua, fundi cherehani, na kijana mbeba mizigo wa Kariakoo. Nyumba ikiuzwa, mwenye mali hulipwa. Mpangaji huambiwa atafute pengine, na huko pengine aghalabu ni pembezoni mwa mji. Njia iliyokusudiwa kumpunguzia mwendo humwongezea. Na nauli nayo: huduma ilipoanza, safari ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ilhali daladala zilizoondolewa katika barabara hiyo zilitoza 400 kwa safari fupi.

Upo mfano wa Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikabomolewa, na uwanja ukakaa mtupu miaka mingi huku wenyewe wakihangaika na kodi mitaani. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kuwa watarudishwa, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua maghorofa yaliyojengwa hapo kwa ajili yao. Yawezekana, basi, kujenga kwenda juu bila kuwafuta waliokuwapo. Ila ardhi ile ilikuwa ya umma, na ilihitajika kauli ya Rais. Mnunuzi wa Manzese habanwi na kauli ya mtu.

Kwa hiyo tunaombana, kabla ya kukubali bei: tuulize kama familia yaweza kubakiziwa fleti badala ya fedha zote taslimu, wapangaji watapewa notisi ya muda gani, na dada zetu wenye fungu lao katika mirathi, je, wamesikilizwa?

Mwenzetu mmoja aliuza kwa haraka. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi chumba cha uani, sasa amepanga Chanika.