Michirizi ya Kutu Huanzia Tunduni

Boti nyingi zinazopakua ngege na semutundu kwenye mwalo wa Katwe, Uganda, ni za mbao. Chache ni za faiba, zimepakwa nyeupe, na hizo ndizo kutu huziumbua zaidi. Chini ya kila tundu la kutolea maji utaona mchirizi wa rangi ya kahawia ukiteremka ubavuni mpaka pale boti inapoanza kuzama majini. Mimi ni fundi wa boti hapa Kabatoro, na hakuna ninachoulizwa mara nyingi kama namna ya kuufuta mchirizi huo. Kabla sijajibu, huomba bisibisi.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Haina chuma cha kuota kutu. Kutu ukiiona juu yake, jua imeletwa na maji kutoka kwenye chuma kilicho juu: pete ya tundu, skrubu zinazoishika, au kibano cha bomba lililo nyuma yake. Kila mvua na kila ndoo ya maji ya kuoshea sitaha hupita hapo, ikabeba kutu kidogo na kuiacha njiani.

Mama mmoja mchuuzi wa samaki aliniletea boti yake akiwa amekata tamaa. "Mwanangu, nimeisugua kwa Jik mpaka mikono imechubuka. Baada ya wiki kutu imerudi ileile."

"Pole, mama. Ngoja kwanza tufungue pete."

Skrubu zake ziling'aa juu kama mpya. Nilipozitoa, sehemu iliyokuwa imejificha ndani ilikuwa imeliwa, imebaki nyembamba, na gundi ya zamani chini ya pete ilikuwa imepasuka na kushika maji meusi. Mama aliishika ile skrubu kiganjani, akaigeuzageuza, akasema, "Kumbe nilikuwa naosha shati jeraha likiendelea kutoka damu."

Aliyemuuzia alimwambia ni stenlesi, na huenda hakumdanganya. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi, angalau asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa hujifanyia utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi hewa ipo. Chini ya pete iliyopasuka gundi, maji yamesimama, hewa haifiki, utando unakufa. Maji hayo yakiwa na chumvi, chuma huliwa upesi zaidi. Kwa hiyo skrubu ya stenlesi inaweza kung'aa kichwani huku inaoza shingoni.

Na chumvi kwetu haikosekani. Mji wetu umekaa juu ya ukingo kati ya maziwa mawili: upande mmoja Ziwa Edward lenye samaki, upande wa pili Ziwa Katwe, shimo la volkano lisilo na mto wa kutoa maji, ambako watu wamechimba chumvi kwa karne nyingi. Boti ya yule mama ilikuwa imebeba magunia ya chumvi mbichi. Gunia la namna hiyo hudondosha maji makali, na yote huishia kwenye tundu. Anayetaka kujua maji hayo yanaweza kufanya nini na atazame kiwanda cha chumvi kilichojengwa pale ziwani miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mabomba yake yaliliwa na maji ya chumvi muda mfupi baada ya kuanza kazi, na mpaka leo ni magofu. Mimi hupita hapo mara kwa mara, na kila nikipita naumia kuona mali ya umma iliyopotea kwa kuchagua chuma kisichofaa.

Sasa kufuta. Mchirizi mwepesi hutoka kwa ndimu. Shida ni kwamba maji ya ndimu hayakai kwenye ukuta uliosimama. Hutiririka kabla hayajafanya kazi. Mimi hupika uji mzito wa unga wa muhogo, nikauacha upoe, nikauchanganya na maji ya ndimu, kisha naupaka juu ya mchirizi na kuufunika kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili usikauke. Naanza alfajiri, jua likiwa bado halijakolea, na sipangi kazi ya usiku, kwani kiboko hutoka majini kula majani giza likiingia na mwalo unakuwa wake. Baada ya saa moja hivi nafunua, nafuta kwa kitambaa laini, nasuuza kwa maji mengi. Nafanya hivyo mbali na ukingo, ili uchafu usiingie ziwani tunakovua.

Mchirizi sugu unahitaji asidi oksaliki, unga mweupe ambao maseremala hutumia kung'arisha mbao. Hushika chuma kilichomo kwenye kutu na kukiyeyusha. Ni sumu. Vaa glavu, funika pua, usiiweke karibu na watoto wala kwenye chupa ya soda. Doa jeusi linalozunguka misumari ya boti za mbao nalo hutoka kwa dawa hiyohiyo.

Jik achana nayo kabisa. Haiondoi kutu, na inazidisha kula chuma. Zaidi ya hapo, Jik ikikutana na ndimu au asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria pia ziache jikoni, maana vipande vyake hubaki kwenye faiba na kuota kutu vyenyewe.

Doa likishatoka, pete hairudi kama ilivyokuwa. Kwangua gundi yote ya zamani, kausha tundu, jaza gundi mpya ya boti mpaka ifurike pembeni, funga kwa skrubu za stenlesi daraja la 316, ambazo zimeongezwa molibdeni na huvumilia chumvi kuliko zile za 304 zinazojaa madukani. Ukipata pete yenye mdomo uliochomoza, nunua hiyo. Maji yatadondoka ziwani bila kupita ubavuni. Mwisho paka nta.

Ukienda Kasese au Bwera kununua pete, beba sumaku ndogo mfukoni. Haitakutofautishia 304 na 316, lakini itakufichulia chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro. Ikinasa kwa nguvu, mrudishie mwenye duka mali yake.