Mlokole: Neno na Mwenendo Katika Bukoba na Muleba

Neno mlokole limezoeleka mno katika Kiswahili cha Tanzania, hata wasemaji wengi hawaulizi lilikotoka. Umbo lake lenyewe latoa ushahidi. Katika Kiswahili, kiambishi tamati -e huweza kuunda nomino ya mtu aliyetendwa jambo: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule. Kwa kanuni hiyo aliyeokolewa angeitwa “mwokole”, umbo ambalo halitumiki. Mlokole ni neno la Kiganda, kutokana na kitenzi kulokola, nacho kimeihifadhi sauti l ambayo Kiswahili kiliidondosha: linganisha kukula na kukua, kuzaala na kuzaa. (Mteule nalo limeitunza l iliyopotea katika teua, lugha haifuti nyayo zake zote.)

Neno hilo lilipita Bukoba. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa Kiprotestanti huko walikuwamo Wahaya waliosoma vitabu vya Kiganda kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910. Hivyo basi, uamsho uliohusishwa na Gahini, Rwanda, ulipoenea hadi Buhaya katika miaka ya 1930, msamiati wa Kiganda haukuwa mgeni kanisani. Kihaya kilikuwa na kitenzi chake, okujuna, kinachosikika hata leo katika jina Mujuni. Lakini kujuna ni kumwokoa yeyote katika shida yoyote. Aliyetubu dhambi zake hadharani alihitaji jina lisilochanganywa na mengine.

Jina hilo lilikuwa na gharama. Walokole wengi waliacha pombe, na katika Buhaya rubisi, pombe ya ndizi, si kinywaji tu. Hunywewa posa inapopokewa, na wazee wanapopatana. Aliyekataa kibuyu alionekana kuwakataa ndugu zake, naye alipowaita walokole wenzake ndugu, ukoo ulisikia neno lake likipewa watu wa nje. Josiah Kibira, askofu Mlutheri wa Bukoba aliyepata kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia kuanzia 1977 hadi 1984, alilichunguza suala la ukoo na undugu wa kuchanjana mbele ya kanisa katika kitabu chake cha 1974. Hakuuona ukoo kuwa adui, na hapo alikuwa sahihi: Muleba, penye hospitali ya Kilutheri ya Ndolage na ya Kikatoliki ya Rubya, watu wa ukoo mmoja wenye madhehebu tofauti hukutana msibani katika kibanja kilekile.

Leo mijini mlokole ni Mpentekoste yeyote, na mara nyingi hutamkwa kwa kejeli, kwa maana ya mtu anayejifanya mwema. Kejeli hiyo imesahau kwamba mlokole wa Buhaya alijulikana kwanza kwa kuyataja makosa yake mwenyewe, na wengine walirudisha walichoiba.